Kibumba: wanaijua kwa vilio, hawaijui kwa mashu



Andikeni jina la Kibumba kwenye intaneti muone. Mtakuta kambi ya wakimbizi ya mwaka 1994. Mtakuta kipindupindu. Mtakuta habari ya balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliyeuawa tarehe 22 Februari 2021 kwenye barabara yetu, mahali tunapaita Trois Antennes, pamoja na mlinzi wake na dereva wa PAM. Mtakuta M23 ya mwaka 2012 na M23 ya mwaka 2022. Itawabidi kushuka chini sana mbele ya kukuta neno "shu". Na hata hivyo, wewe uliye Goma, kama jana ulikula bugali na shu, kuna nafasi kubwa shu lile lilishuka kutoka Kibumba juu ya chukudu.

Mimi ni mtoto wa Goma. Mama yangu alizaliwa Kibumba, na tate wangu, yaani mama yake, bado anaishi kule. Nina miaka 28, nina lisansi ya agronomia, na sina kazi ya kudumu, sawa na wengi kati yenu. Miezi michache iliyopita mjomba alinipigia simu: "Mwipwa, iko mutu wa mujini anataka kununua shamba ya tate. Analeta feza mukononi. Tate anasema tuamue sisi. Nangojea wewe tu."

Mama alishafariki, kwa hiyo sehemu yake inatuangukia mimi na dada yangu. Nilimwomba mjomba wiki mbili. Ndani ya hizo wiki mbili nilifanya kitu ambacho miaka yote pale fakilte sikuwahi kukifanya: nilitafuta historia ya ardhi yenyewe. Nilisoma nilichoweza kupata, nikakaa na tate, nikauliza wazee. Haya ndiyo niliyoyakuta.

1. Kijiji bila mto

Kibumba iko karibu kilometa 25 kaskazini ya Goma, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayoenda Rutshuru. Kiutawala ni grupema ya sheferi ya Bukumu, katika teritware ya Nyiragongo, ambayo ni ndogo kuliko teritware zote za Kivu Kaskazini. Ukisimama shambani kwa tate ukatazama magharibi, unaona Nyiragongo, mita 3,470. Usiku mwingine wingu lake ni jekundu. Ukigeuka upande mwingine unaona Mikeno (mita 4,437) na Karisimbi (mita 4,507). Rwanda iko karibu sana, hata simu yako inakamata mtandao wa kule na kukukata yuniti bila kukuomba ruhusa.

Mgeni akifika anauliza: mto uko wapi? Hakuna mto. Mvua inanyesha, tena nyingi, lakini inapita ndani ya mawe ya volkano kama chai kwenye kichujio. Kila kitu ni kijani, na bado watoto wanatembea na bidoni kutafuta maji. Mwenye bati na pipa, huyo ana maji. Mwenye nyumba ya majani anaomba kwa jirani.

Udongo wenyewe ni mweusi, mwepesi, umejaa mboji. Sisi watu wa agronomia tunauita andosoli. Wengi wanasema "udongo wa volkano, unapanda hata jiwe linaota". Si kweli kabisa. Udongo huu ni tajiri bahili: fosforasi iko nayo, lakini inaifunga na mmea hauipati vizuri. Ndiyo maana tate, ambaye hajakaa hata siku moja kwenye odituari, anaweka samadi ya mbuzi kwenye kila shimo la shu. Yeye alijua kwa mkono kile nilichosoma mwaka wa tatu.

Na hilo shu si la asili yetu. Wazee wa zamani walilima mtama, maharagi na njegere. Shu, karoti na puaro vilifika na Wazungu, wamisionari na masetleri, waliotaka kula kama kwao. Baridi ya Kibumba ilivipenda. Goma ilipokua, kutoka kituo kidogo kando ya ziwa mpaka mji unaokadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni moja, Kibumba ikawa bustani yake. Birayi, mashu, puaro, karoti: vyote vinashuka asubuhi. Ule mti wa magurudumu mawili tunaouita chukudu, ambao Goma imeujengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, ulipata sifa yake kwa mizigo kama hiyo. Kutoka Kibumba mpaka Goma ni mteremko. Kijana anapakia mifuko, anaweka goti juu ya ubao, anashuka. Kurudi anasukuma.

2. Karatasi tatu

Kwa nini watu wa Kibumba wamebanana hivi, na mashamba yanapungua kila kizazi? Nilifikiri jibu ni uzazi tu. Kumbe kuna karatasi tatu pia, na hakuna hata moja iliyoandikwa Kibumba.

Ya kwanza ni ya 1910. Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, waliokuwa wakigombania eneo la volkano, walikaa Brussels wakakubaliana mipaka. Mstari ukapita juu ya Karisimbi. Watu waliokuwa wakioana na kupeana ng'ombe wakajikuta wengine ni wa Wabelgiji na wengine ni wa Wajerumani. Tate anasema babu yake hakujua mpaka uko wapi, hadi siku aliyoombwa karatasi akienda kwenye kilio cha dada yake.

Ya pili ni ya tarehe 21 Aprili 1925. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alianzisha mbuga iliyoitwa kwa jina lake, kwanza kwenye milima ya Mikeno, Karisimbi na Visoke, kwa ajili ya kulinda sokwe wa milimani. Ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza Afrika. Mmoja wa walioipigania sana alikuwa Mmarekani Carl Akeley, ambaye mwaka 1921 aliua sokwe kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, halafu akabadilika na kuwa mtetezi wao. Alifariki kule juu ya Mikeno mwaka 1926 na kuzikwa Kabara. Mwaka 1929 na baadaye mbuga ilipanuliwa. Mwaka 1969 ikaitwa Virunga, 1979 ikaingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, na 1994 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Siandiki haya kupinga mbuga. Bila ule msitu, hata mvua na udongo wa Kibumba vingekuwa matatani. Lakini tuseme ukweli wote: msitu ule ulikuwa ghala la kuni, mianzi, mizinga ya nyuki na shamba la akiba kwa mtoto atakayezaliwa. Kuanzia siku ile, shamba la akiba likafungwa. Ugomvi wa mpaka wa mbuga haujaisha mpaka leo, na makala yanayopikia chakula cha Goma yanaendelea kukatwa ndani yake.

Ya tatu ni sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Hii wanafunzi wa sheria wanaijua. Inasema ardhi yote ni ya serikali. Na ardhi ya kimila, hii tunayolima vijijini? Sheria ilisema haki za wenye kuilima zitapangwa na amri ya Rais. Miaka 40 ilipita na amri ile ilikuwa bado haijatoka. Kwa hiyo tate amelima zaidi ya miaka 50 juu ya ardhi ambayo mwami anasema ni ya ukoo, serikali inasema ni yake, na yeye hana karatasi yoyote. Mtu wa mjini mwenye feza na rafiki ofisini anaweza kupata karatasi mbele yake. Nilipofika hapa nilianza kuelewa kwa nini mnunuzi wetu anakimbia hivi.

3. Miaka miwili chini ya hema

Katikati ya Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kule Rwanda, watu zaidi ya laki saba waliingia eneo la Goma kwa siku chache tu. Wengi walikuwa raia wenye hofu. Kati yao walikuwemo pia askari na wanamgambo waliofanya mauaji yale. Kambi zikafunguliwa: Mugunga, Katale, Kahindo, na Kibumba. Kibumba peke yake ilipokea karibu laki mbili.

Kumbukeni nilichosema: kijiji bila mto. Laki mbili ya watu mahali ambapo hata wenyeji wanakunywa maji ya bati. Maji yaliletwa kwa malori. Kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 kwenye kambi zote za Goma ndani ya mwezi wa kwanza. Na chini kulikuwa jiwe. Jembe halikuweza kuchimba kaburi, zikaletwa mashine za kuchimba makaburi ya pamoja.

Tate alikuwa na shamba pale pale. "Siku ya kwanza waliomba maji," aliniambia. "Siku ya pili waliomba shu. Siku ya tatu hakukuwa tena shu ya kuomba." Hakuna aliyemlipa. Baadaye aliuza mboga kambini, akanunua bati, kwa hiyo hasemi ilikuwa hasara tupu. Lakini miti iliisha, mpaka mteremko wa mbuga ukabaki mweupe. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita ilifika, kambi ikakimbia kwa usiku mmoja, na tate naye akakimbia. Aliporudi alikuta vipande vya hema, masufuria, mashimo ya choo. Mpaka leo ukilima kwake unapata kijiko. Mimi mwenyewe nilipata viwili.

Vitabu vingi juu ya 1994 vinaitaja Kibumba. Vinahesabu wakimbizi, wagonjwa, malori ya maji. Sijakuta hata kimoja kilichohesabu mashamba yaliyokuwa chini ya zile hema.

4. Jedwali la tarehe

Hapa njo nilipata kitu ambacho kilinikosesha usingizi.

Wale wasio wa agronomia: kwetu kuna msimu A na msimu B. Msimu A unapanda mwezi wa tisa, unavuna kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Msimu B unaanza Februari au Machi. Shu, kutoka kuhamishwa kwenye kitalu mpaka kukatwa, linataka karibu siku 100. Birayi ni hivyo hivyo.

Nikachukua karatasi, nikapanga tarehe ambazo watu wa Kibumba walikimbia au walipitiwa na vita. 1996: mwisho wa Oktoba. 2008, wakati wa CNDP: mwisho wa Oktoba, watu wakakimbilia Kibati. 2012: katikati ya Novemba, siku chache mbele ya Goma kuanguka tarehe 20. 2013: mwisho wa Oktoba, jeshi linarudisha Kibumba. 2022: mwisho wa Oktoba na Novemba, watu wakajazana Kanyaruchinya.

Mara tano, na zote ziko katikati ya msimu A. Siwezi kusema ni makusudi ya mtu, sina ushahidi. Lakini kwa mkulima matokeo ni yale yale: anakimbia wakati feza yake yote iko ardhini na haijawa chakula. Akikosa msimu A, hana mbegu ya birayi kwa msimu B. Hivyo kukimbia kwa miezi miwili kunakula mwaka mzima. Halafu Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka, lava ikakata barabara namba 2 pale chini karibu na mji, na mavuno ya msimu B yakakwama upande mmoja wakati walaji wako upande mwingine.

Ule mwaka 2022 nami nilikuwemo. Memwari yangu ilikuwa juu ya samadi na fosforasi kwenye shu. Tate alinipa kipande cha shamba, nikakigawa vipande 12. Nilihamisha miche mwezi wa tisa. Kila wiki nilipanda na pikipiki kupima majani. Vipande vya samadi nyingi vilikuwa vinaanza kufunga vichwa, vizuri kabisa, wakati simu iliingia: tate na mjomba wako njiani kwa miguu. Tate alikuja kukaa kwetu Goma, tukawa watu 14 kwenye vyumba viwili. Mjomba na watoto wake walikaa Kanyaruchinya chini ya hema. Jedwali langu la mavuno lilibaki tupu. Nilibadilisha mada, nikatetea memwari ya maktaba, wakanipa alama nzuri. Sikujivunia zile alama.

Tate alikuwa anaamka usiku kuniuliza kama nafikiri mashu yalipasuka. Shu likikomaa bila kukatwa linapasuka, hiyo mnaijua. Tarehe 23 Desemba 2022, siku ambayo kulifanywa sherehe ya kukabidhi Kibumba kwa kikosi cha Afrika Mashariki, dunia yote ilikuwa inatazama bendera na magari. Nyumbani kwetu mama mzee alikuwa anahesabu vidole: leo njo tungekuwa tunavuna.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikachukuliwa na M23. Februari kambi zilizozunguka mji zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi. Mjomba alirudi na hema lile lile mgongoni. Tate alirudi mwezi uliofuata. Shamba lilikuwa kichaka.

5. Basi mbele kuna nini?

Mjomba si mtu mubaya. Ana watoto sita, wanne wamekosa shule miaka miwili. Bei anayopewa ni kama ya pikipiki mbili, na pikipiki moja Goma inalisha nyumba. Ukimwambia "usiuze, ardhi ni uhai", atakuuliza uhai gani, wakati kila miaka michache anaacha mavuno nyuma. Hilo swali lake ni la haki, na sisi wenye diplomi tunapaswa kulijibu kwa hesabu. Mashairi hayamsaidii.

Haya ndiyo niliyoweza kuyaona kama mtu wa kazi hii.

Kwanza, agronomia haizuii vita, tusidanganyane. Lakini inaweza kupunguza kile kinachopotea. Tumezoea kupanda shamba lote siku moja. Tunaweza kugawa: sehemu moja mboga za muda mfupi, sehemu moja shu, sehemu moja tunachelewesha. Na mbegu ya birayi isilale yote nyumba moja. Nusu ibaki kwa ndugu, upande mwingine. Ukikimbia, unarudi ukiwa na pa kuanzia.

Pili, kupokezana. Shu baada ya shu baada ya shu kunaleta ugonjwa wa mizizi. Birayi baada ya birayi kunaleta mnyauko. Wakulima wanalijua hilo, lakini shamba dogo linawalazimisha. Maharagi katikati yanasaidia udongo na chungu pia.

Tatu, bei. Shu haliwezi kungoja. Mnunuzi anakuja shambani, anatazama kwa jicho, anataja bei, na wewe unajua kesho kutwa litaanza kuharibika. Kina mama watano wakiungana, wakipakia pamoja na kushuka wenyewe sokoni Virunga, wanaongea lugha nyingine. Likelemba wanazo tayari. Kinachokosa ni mtu wa kukaa nao na daftari, na hapo njo sisi tunaweza kuingia. Miaka mingi tumengojea kutumwa vijijini na mashirika, na jipi la mradi na perdiem. Shirika moja lilileta mbegu za mboga kwa tate wakati msimu ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Alizipokea kwa heshima, akaziweka kwenye kopo.

Nne, karatasi. Cheti cha serikali hatuwezi kukilipa. Lakini tulifanya hivi: nilipima shamba kwa simu, pembe zote nne, tukaita majirani wa kila upande na wazee wawili, wakatia sahihi na vidole, shefu akapiga muhuri. Hicho si cheti. Mbele ya mwenye feza nyingi hakitoshi. Lakini tate sasa ana kitu cha kuonyesha, na wajukuu wanajua mwisho wa shamba uko wapi.

Jibu nililompa mjomba ni hili: sehemu ya mama haiuzwi. Yako ni yako, siwezi kukufunga, lakini nikodishie kwa misimu miwili. Nilimlipa kwa feza niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya kwenda kutafuta kazi Kampala. Imetosha minervali ya watoto wawili kati ya wale wanne. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, halafu akasema: "Ulisoma miaka mitano juu ya kurudi kulima shu?" Nikamwambia ndiyo, mjomba. Alicheka. Hakusema ndiyo kwa siku zote, alisema ndiyo kwa misimu miwili. Mnunuzi bado anapiga simu.

Mwezi wa tisa tulipanda. Safari hii vipande si 12, ni sita tu, na lile jedwali la 2022 niko nalo kwenye mfuko, na safu yake ya mwisho tupu. Wakati naandika, miche imeshika. Kila jioni tate anatuma ujumbe wa sauti kunieleza habari za majani, na za barabara.

Kila mmoja wetu ana kijiji ambacho kwenye intaneti kina vita tu. Muulize mzee wako nini kilipandwa pale kabla ya hapo, nani alichora mpaka, na nani ana karatasi. Uliza sasa, wakati yuko bado.